Mkono wa Glovu

Edmonton, London
Jumatano, 2 Julai 2025

Zéphyrin,

Umenifungia WhatsApp, umetoka kwenye grupu la timu bila kuaga, na simu yako inaita mpaka inajikata yenyewe. Kwa hivyo nimenunua stempu. Mara ya mwisho kuandika barua kwa kalamu nilikuwa bwenini nikiomba nyumbani waniletee sabuni, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni hasira na kukosa mazoezi.

Hali yetu ni hii. Ligi ya Jumapili ina timu nane, na nne za juu ndizo zinazoingia kwenye mchujo wa ubingwa. Sisi Siafu wa Edmonton tuko nafasi ya tano, ushindi mmoja tu nyuma ya wa nne. Zimebaki mechi tano. Dirisha la usajili linafungwa Alhamisi tarehe 31, na baada ya hapo hakuna kuongeza mtu wala kubadilishana mtu. Miaka minne tumecheza besiboli kwenye uwanja ule wenye mashimo, na mchujo tunausikia kwa wengine. Mwaka huu tungeingia.

Mahitaji ya timu ni matatu. La kwanza ni mrushaji. La pili ni mrushaji. La tatu ni mtu wa besi ya tatu asiyefumba macho mpira ukimjia, lakini huyo tunaweza kuishi bila yeye.

Ryan anajitahidi, sikatai. Ni mtoto wa shangazi yangu, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno. Namwambia tulia, ananijibu "I am calm," na mpira unaenda kugonga gari la mwamuzi. Mrushaji wetu ni wewe. Miaka minne nimechuchumaa nyuma ya mpigaji nikidaka mipira yako, naijua kuliko nyimbo za kwaya yetu.

Kama umekasirika kwa sababu Jumapili ile nilikutoa katika awamu ya tano, tukiongoza nne kwa mbili, sawa, kasirika. Ryan akaingia, tukafungwa tisa, na timu nzima inaniangalia kama mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa. Lakini mimi ndiye kapteni na ndiye kocha. Kumtoa mtu ni kazi yangu. Mimi mwenyewe nilitolewa nikiwa shule, siku ya michezo, mbele ya wazazi wote, na kesho yake nilikuwa wa kwanza mazoezini.

Mazoezi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Njoo.

Lydia


Peckham, London
Jumanne, 8 Julai 2025

Dada Lydia,

Nakusalimia kwa heshima. Barua yako ilifika Ijumaa. Nimekaa nayo siku nne ili nisikujibu kwa moto.

Umeandika juu ya nafasi ya tano, juu ya Ryan, juu ya ng'ombe. Neno la pole sikuliona. Nimegeuza karatasi nikaangalia na nyuma.

Ile siku mama yangu alikuwa pale. Ni mara yake ya kwanza kuja kunitazama nikicheza. Alikuja na mama saba wa kanisa, wamevaa vitenge vya sare, wamebadilisha mabasi mawili na treni kutoka Peckham mpaka kwako. Hawajui mchezo, lakini walijua kwamba mtoto wao amesimama pale katikati na watu wote wanamngoja yeye. Wewe ukaja. Hukuniambia sababu. Hukuniambia hata neno moja. Ukachukua mpira, na namna ulivyouchukua, Dada, mimi sitaiandika hapa. Kama hujui ulichofanya, hata nikikueleza hutajua.

Mkono wangu ulikuwa mzima kabisa. Ningerusha awamu nne nyingine bila shida. Ulitaka mtoto wa shangazi yako aonekane, basi ameonekana.

Kuna timu imeniandikia, Mwewe wa Croydon. Wao wameshaingia kwenye mchujo. Wananitaka niwe mrushaji wao wa kwanza, na watakuandikia wenyewe kwa utaratibu. Nakuomba ukipata fomu yao usiikalie.

Aksanti kwa miaka minne. Nasema kwa kweli.

Zéphyrin


Edmonton
Ijumaa, 11 Julai 2025

Zéphyrin,

Namna gani? Namna gani niliyochukulia mpira? Nilikuja kilimani pako pa kurushia, nikanyoosha mkono, ukaweka mpira, nikampa Ryan. Hivyo ndivyo inavyofanyika duniani kote. Nimeirudia kichwani nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini nikibadilisha shuka, nikiwa kanisani mchungaji akiomba, na sioni kosa. Kama nilikutukana, niambie tusi lenyewe nilijue.

Na hilo la Ryan liondoe. Ningetaka Ryan aonekane ningemnunulia koti la kung'aa. Sababu ya kukutoa ninayo. Sikuisema pale uwanjani na sitaiandika kwenye karatasi, na nilidhani wewe kuliko mtu yeyote ungejua ni ipi.

Nani alikuleta kwenye mchezo huu? Tulikuwa tunafanya kazi pamoja katika ile nyumba ya wazee hapa Edmonton, wewe una wiki ya pili. Nikakuona mwisho wa korido unaviringisha mashuka machafu na kuyarusha kwenye toroli la dobi lililokuwa mlangoni kwa upande wa pili. Yote yaliingia. Nikakuuliza ulijifunzia wapi, ukasema Uvira, ukifukuza ndege kwenye mpunga wa mama yako kwa mawe. Jumapili iliyofuata nilikupa mpira. Watu wa Croydon walikuwa wapi siku hiyo?

Jumapili iliyopita tulishinda kumi na nne kwa kumi na tatu. Mwamuzi aliniuliza kama tunacheza besiboli au tunahesabu watu. Siwezi kwenda hivi hadi Agosti, Zéphyrin. Magoti yangu yana miaka thelathini na sita, na kila mpira wa Ryan nauokota nyuma yangu.

Niambie nilifanya nini.

Lydia


Croydon, London
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwa kapteni wa Siafu wa Edmonton

Mpendwa Lydia,

Natumaini hujambo. Poleni kwa kufungwa juzi. Nilikuwa hapo kutazama na nilikuhurumia.

Naandika rasmi kama katibu wa Mwewe. Tunaomba mbadilishano: ninyi mtupe Zéphyrin, sisi tuwape Aristide. Aristide unamjua. Hana mbwembwe, lakini mpira wake unapita pale anapotaka upite, na kwetu ni mrushaji wa tatu, anakaa benchi mpaka anaota ukungu. Kwenu atakuwa wa kwanza. Mimi nisingekuwa na haja ya kufikiria mara mbili ningekuwa wewe, hasa ukizingatia kuwa Zéphyrin haji tena kwenu na mechi yenu ya mwisho, tarehe 3 Agosti, ni dhidi yetu.

Fomu imeambatanishwa. Zéphyrin amesaini, Aristide amesaini, mimi nimesaini. Imebaki sahihi yako tu, kabla ya tarehe 31.

Wako,
Lorraine


Peckham
Ijumaa, 18 Julai 2025

Dada Lydia,

Lorraine anasema fomu unayo tangu Jumatano. Ryan amemwambia rafiki yake, na rafiki yake ameniambia, kwamba umeibandika kwenye friji kwa sumaku.

Unampata Aristide. Nimesikia timu yote inakuomba usaini. Mimi nakuomba usaini. Lorraine anakuomba usaini. Sasa wewe unamgojea nani?

Uliniuliza ulifanya nini. Sitaki kukuambia, maana ukiambiwa utasema ni kitu kidogo, na nikisikia unasema ni kitu kidogo nitakosa heshima kwako kabisa. Ni afadhali niondoke bado ninayo kidogo.

Saini.

Zéphyrin


Edmonton
Jumatatu, 21 Julai 2025

Zéphyrin,

Sisaini.

Jana tumepewa ushindi wa bure. Wapinzani walikuja watu saba, wengine wako likizo Uhispania, mwamuzi akaangalia saa akaandika ushindi ni wetu. Kwa hivyo bado tupo hai, ushindi mmoja nyuma ya wa nne, na zimebaki mechi mbili. Baadaye timu ikanizunguka kwenye maegesho. Myriam, ambaye huwa hasemi, alisema: "Lydia, tunapewa mrushaji mzima mkononi, na wewe unakataa kwa sababu umeachwa?" Hivyo ndivyo wanavyofikiri, kwamba nina wivu na timu nyingine. Na yule wetu wa besi ya pili, ambaye mkewe ndiye anayepanga zamu ofisini kazini kwako, akasema atahama mwakani. Nimenyamaza tangu tarehe 29 Juni na mdomo umeanza kuniuma.

Unadhani sijui tunamhitaji Aristide? Nimelala na ile fomu, nimeamka nayo. Nimefungua kalamu mara tatu. Nikisaini, Jumapili hii namuweka Aristide kilimani na nina uhakika wa mchujo kama ninavyoona barabara hii. Na siwezi. Na siwezi kumwambia Lorraine kwa nini siwezi. Na wewe unayejua kwa nini unakaa Peckham unaniandikia "saini" kama mtu wa benki.

Nimechoka na wewe. Nimechoka na timu. Ukitaka tusi, hilo hapo, limeandikwa.

Lydia


Peckham
Jumatano, 23 Julai 2025

Binti yangu Lydia,

Mimi ni Mama Agathe, mama yake Zéphyrin. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha, na barua sijazisoma, maana si zangu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili kule Uvira miaka kumi na tisa, kwa hiyo naandika mwenyewe, simsumbui mtu.

Mtoto wangu hataniruhusu kukuandikia, kwa hiyo sikumuomba ruhusa.

Huu mchezo wenu siuelewi. Mtu mmoja anarusha, mmoja anapiga, wengine wamesimama kama wanangoja basi. Lakini nilikuja nikiwa na furaha. Nilikaa kwenye benchi na wenzangu saba, tukaimba kidogo, yule mwamuzi akatutazama tukanyamaza. Nikawaambia: yule mwenye mpira ni wangu.

Halafu wewe ukatoka kule ulikochuchumaa, umeshika ile kofia ya chuma mkono wa kuume, ukamfikia mtoto wangu, ukamnyooshea mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, binti yangu, mbele ya wakristo. Akaweka mpira pale, nawe ukageuka. Mama mmoja wa kanisa aliniuliza, "Huyu dada ana ugomvi gani na mwanao?" Kwetu hata chumvi hatupokei namna hiyo. Hata mtu uliyemkasirikia, unampokea kwa mkono wa kuume, halafu unamkasirikia. Najua nyinyi Wakenya pia mko hivyo, maana jirani yangu ni Mkamba na mjukuu wake akinipa kitu kwa kushoto anampiga kofi dogo.

Tulirudi kwenye treni. Nilisema sitakanyaga tena kule.

Siandiki ili uombe msamaha kwangu. Naandika kwa sababu Zéphyrin hali vizuri. Anasema ni kazi. Nyumba nzima inanuka ile dawa ya kuchua, anajipaka begani asubuhi na jioni, nikimuuliza anasema ni baridi. Baridi gani mwezi wa saba? Wewe umemjua kazini na uwanjani. Kama unajua kitu, mimi mama yake nisiwe wa mwisho.

Mungu akulinde.

Mama Agathe


Edmonton
Jumamosi, 26 Julai 2025

Zéphyrin,

Mama yako ameniandikia. Usimgombeze. Nimesoma barua yake nimesimama jikoni, nikaitazama glovu yangu juu ya meza, na nikakaa chini.

Mimi ni mdakaji. Glovu iko mkono wa kushoto kuanzia mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, na nikiwa uwanjani huo wa kushoto ndio mkono wangu. Mwingine unabeba kofia tu. Nilipokuja kwako sikufikiri, nilifungua glovu kama ninavyoifungua mara mia kila Jumapili. Sikumbuki hata kuiona. Lakini mimi nimelelewa na nyanya ambaye angenirudisha mlangoni nianze upya kwa kosa hilo, na nimelifanya mbele ya mama yako na wenzake wamevaa sare. Pole, Zéphyrin. Si kitu kidogo. Ningekuwa wewe nami ningefunga WhatsApp.

Sasa nitaandika ile ambayo nilisema sitaandika.

Mpira wako una mlio. Tangu Aprili ukiingia kwenye glovu unasema pa, mkavu, mpaka watoto wa uwanja wa pili wanageuka. Jumapili ile kuanzia awamu ya tatu ukaanza kusema pu. Mpigaji hakujua, mwamuzi hakujua. Mimi nilijua kwenye kiganja. Awamu ya nne kiwiko chako kikashuka. Awamu ya tano ulitoka jasho, ukavua kofia kwa mkono wa kushoto ili ujifute, kwa sababu wa kulia haukupanda. Nikaona ukirusha mipira kumi zaidi hutarusha tena maisha yako.

Sikusema kwa sababu mwamuzi alikuwa hatua tatu. Akisikia mtu ameumia, anaandika, na hutarudi uwanjani bila barua ya daktari. Na mume wa dada anayepanga zamu zako alikuwa pale besi ya pili, masikio wazi. Kabla hujafika kituo cha treni wangekukata zamu zote, na najua wewe ndiye unayewanyanyua wale wazee kwa mikono tangu mashine ya kunyanyulia iharibike mwezi wa tatu, kwa sababu uliniambia mwenyewe na ukasema nisimwambie mtu. Nikaona ninyamaze, wanichukie mimi. Nilidhani wewe utaelewa. Ukaniandikia mkono ni mzima kabisa, nikajua kumbe hata mimi unanificha.

Ndiyo sababu sisaini. Lorraine anatoa mkono mzima na mimi nampa mgonjwa, huku najua. Huo ni wizi. Nikimwambia, natoboa siri yako. Nisipomwambia, timu yangu inakosa Aristide na wananiita mwenye wivu. Nimezunguka hapo wiki nzima na sioni mlango.

Kesho Ryan ndiye atakayerusha. Wewe fanya unavyoona. Lakini nenda kwa daktari, na mama yako mwambie.

Lydia


Peckham
Jumanne, 29 Julai 2025

Dada Lydia,

Nilisoma barua yako kwenye basi nikapita kituo changu, nikashuka mbali kabisa, nikatembea.

Ni kweli. Bega linaniuma tangu mwezi wa nne. Kuna mzee mmoja, ni mrefu, alikuwa dereva wa lori, nikimtoa kitandani ananishika shingo anasema "sorry, son" kila siku. Siwezi kumwacha alale kwenye maji yake ningoje mashine. Kwa hiyo namnyanyua. Na Jumapili narusha. Nilifikiri nikificha vizuri bega lenyewe litasahau.

Sikukasirika kwa mkono wa kushoto peke yake, nikuambie yote. Ulipofungua ile glovu, niliweka mpira na nikasikia raha. Nilisikia raha kwamba nimetolewa. Halafu nikatazama benchi, nikamuona mama yangu uso umebadilika, na nikaona nikikukasirikia wewe sitahitaji kufikiria ile raha. Croydon nilitaka kwenda kwa sababu kule hakuna anayejua mlio wa mpira wangu.

Jana nilifanya mambo matatu. Nilimwambia mama. Alilia, halafu akanipikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, halafu akalia tena. Nilimwambia bosi wangu juu ya bega na juu ya mashine, mbele ya mwenzangu awe shahidi. Alikasirika sana. Zamu zangu za kunyanyua zimesimamishwa, sijui za kesho zitakuwaje, lakini mtu wa mashine alikuja mchana huo huo. Miezi mitano nilikuwa mimi ndio mashine. Na daktari amenifunga mkono, anasema wiki sita.

La tatu, nilimpigia Lorraine nikamwambia kila kitu. Sikumwomba Aristide, maana sina uso.

Nimesikia Jumapili mlifungwa kwa moja. Kwa hiyo bado ni mechi moja. Siwezi kurusha. Lakini Ryan anaharakisha mguu wa mbele, ndiyo maana mpira unapanda. Ukikubali, nitakaa benchi nimwambie.

Zéphyrin


Croydon
Alhamisi, 31 Julai 2025

Lydia,

Fomu nimeichana. Nimekuita majina mengi wiki mbili hizi, mengine mbele ya watu, na kwa hayo nakuomba radhi.

Aristide anabaki. Siwezi kumtoa bure siku ya mwisho, wachezaji wangu watanila. Tena nimeamua Jumapili ndiye atakayeanza dhidi yenu, ili apate mazoezi ya mchujo. Najua hilo litakuuma. Mimi pia nina timu.

Lorraine


Peckham
Jumanne, 5 Agosti 2025

Binti yangu Lydia,

Nakusalimia. Jumapili nilifika nyumbani salama kutoka uwanjani kwenu na wenzangu wote, ila mmoja alisahau mwavuli wake kwenye benchi. Ni wa kijani. Mkiuona mtutunzie.

Zéphyrin ananiambia mlishindwa, tano kwa sita, na kwamba ule mchujo hamtaingia. Ananieleza kila siku tangu Jumapili, anachora kwenye karatasi kwa mkono mmoja. Yule Aristide wa Croydon, anasema, ndiye angekuwa wenu, na ndiye aliyewanyima. Anaumia sana. Nami naumia kwa sababu yeye anaumia, lakini nikwambie ukweli, hiyo moja iliyowashinda mimi sikuiona ilikopita.

Nitakuambia nilichoona.

Ilikuwa mwishoni. Vijana watatu wa Croydon walikuwa wamesimama kwenye ile mito myeupe mnayoiita besi, mmoja kwenye kila mto, na mtoto wa shangazi yako alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali kila mara mpaka mimi nikamuona. Wewe ukasimamisha mchezo. Ukamwita Zéphyrin kutoka kwenye benchi, akaja na bega lake limefungwa. Mwenzangu akanishika goti. Ukavua ile kofia ya chuma, ukaiweka kwenye nyasi. Ukavua ile glovu kubwa, ukaiweka juu ya kofia. Ukamwomba Ryan mpira, ukaupokea kwa kuume. Halafu ukamgeukia mtoto wangu, ukampa kwa mikono miwili, ukainama kidogo. Uwanja mzima ulikungoja, mwamuzi anaangalia saa.

Zéphyrin anasema ulimwambia, "Wewe amua. Nimtoe au abaki?"

Na mtoto wangu akaupokea kwa mkono wa kushoto. Angefanyaje? Wa kuume umefungwa kifuani. Akaupokea kwa kushoto kutoka kwenye mikono yako miwili, na kwa kushoto huo huo akamrudishia Ryan, akamwambia jambo, Ryan akatikisa kichwa. Niliwatazama mama wa kanisa mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyeuliza habari ya ugomvi. Mmoja alikuwa anafuta miwani.

Halafu yule kijana akarusha, wakapiga, watu wakakimbia, Ryan akakaa chini kwenye nyasi, na ikawa imekwisha. Zéphyrin akaenda kukaa naye. Wewe ukaenda peke yako nyuma ya uzio, ukapiga ule uzio teke. Nilikuona. Sikumwambia mtu.

Jumapili hii njoo kula baada ya ibada. Mlete Ryan, nitaongea naye Kiswahili mpaka anijibu.

Na nimeuliza ule mchezo unaanza tena lini. Zéphyrin anasema Aprili. Aprili benchi lile lina baridi, nitanunua koti.

Mama Agathe